Nimeulizwa kwa nini nataka karate, nikadanganya

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Mwanga hapa Kigoma na nachuuza dagaa. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi Kibirizi. Miezi miwili iliyopita kijana mmoja alinikamata mkono njiani, akanipora pochi yenye mtaji wangu na simu. Sikupiga kelele, sikukimbia, nilisimama tu kama mti. Sura yake naijua, nimeshamwona mchana mara mbili. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye klabu ya karate. Mwalimu wa pale akaniuliza, "Kwa nini unataka kujifunza?" Nikajibu, "Kwa ajili ya afya." Nilimdanganya. Ukweli ni kwamba nataka siku moja nikutane na yule kijana nimwonyeshe. Mume wangu naye kila jioni ananiuliza, "Unataka kupigana na nani?" Je, nikianza na nia ya namna hii nakosea? Na kwa umri huu si nimeshachelewa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mtaji wa dagaa naujua. Ni hela iliyohesabiwa mara tatu usiku, nyingine ya kikoba, nyingine ya ada ya mtoto iliyoazimwa kwa siku moja tu. Anayeipora amebeba na chakula cha nyumba nzima. Kwa hiyo sitakuambia usiwe na hasira, na wala sitakuambia ulikosea kwenda klabu ukiwa nayo.

Ila ndani ya barua yako kuna neno umelipitia haraka, na mimi nimelirudia mara nyingi kuliko yote: "nilisimama tu kama mti." Nimefundisha Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, zaidi ya miaka ishirini, Ujiji na baadaye mjini, na wengi waliokuja baada ya kuvamiwa walikuja na neno hilo. Hawalii sana kwa kilichoibwa. Wanalia kwa sababu miguu yao iliwakataa. Wanarudi nyumbani wakijiuliza, "Hivi mimi ni mtu wa namna gani?"

Basi nikujibu hilo kwanza, maana mwalimu wako alikuuliza kitu ambacho wewe mwenyewe bado hujakipa jina. Mtu akishtukizwa, mwili unaamua kabla yake. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, vidole vinakuwa vizito, macho yanaona kitu kimoja tu, koo linabana. Wengine hukimbia, wengine hurusha mikono, na wengine wengi sana huganda. Kuganda ni njia ya kale ya mwili kujificha, kama digidigi anavyotulia tuli akisikia jani limekatika. Jasiri anaganda, mwoga anaganda. Nimemwona askari wa ulinzi, mtu wa miraba minne, ameganda kwenye zoezi la kwanza nililomshtua kwa nyuma. Tofauti ya aliyefunzwa ni kwamba mwili wake umeshawahi kupita pale, mara mia, mahali penye usalama, kwa hiyo unatoka kwenye kuganda mapema. Sekunde moja badala ya kumi. Mazoezi yetu mengi, ukiyavua majina ya Kijapani, yanatafuta sekunde hizo.

Sasa nia. Unaona aibu kwamba nia yako haikutakata. Nikusimulie watu wawili.

Kano Jigoro, aliyeanzisha judo, alikuwa mtoto mdogo wa umbo. Kwenye shule ya bweni vijana waliomzidi nguvu walimwonea. Alikuwa na akili darasani, lakini akili haikumsaidia bwenini. Akaanza kutafuta mtu wa kumfundisha jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani ya mikono mitupu, na wakubwa wake wakamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Alihangaika hadi mwaka 1877 alipompata mwalimu. Mwaka 1882 akafungua shule yake, Kodokan, na mwaka 1964 judo ikaingia kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mzizi wa yote hayo ni mtoto aliyechoka kuonewa. Hakuanza kwa falsafa. Falsafa ilimkuta njiani.

Wa pili ni Funakoshi Gichin wa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, aliyezaliwa mwaka 1868, ndiye aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Alizaliwa njiti, akakua mgonjwamgonjwa, na karate ilimjia kama dawa. Kwa hiyo lile jibu ulilompa mwalimu, "kwa ajili ya afya," si jibu dogo, ila halikuwa lako. Na hapa nakumbuka jambo la mzee huyu litakalokufaa kwa habari ya mumeo. Enzi zile karate ilifundishwa kwa siri, usiku. Funakoshi alikuwa akitoka giza likiwa limeingia, taa mkononi siku ambazo hakuna mwezi, kwenda kwa mwalimu wake Azato. Majirani walimwona akirudi alfajiri wakaanza kunong'ona kwamba anakwenda kwenye nyumba za starehe. Kwa hiyo mtu wa mazoezi kuulizwa "unakwenda wapi, na kwa nini" hakujaanza na wewe.

Hofu ni nia halali. Kuonewa ni nia halali. Kutaka mwili wenye afya, kutaka mkanda, kutaka tu mahali pa kwenda jioni ambapo hakuna anayekuita "mama fulani" kukuomba kitu, yote ni halali. Klabuni kwangu ameshakuja mwalimu wa hisabati aliyeambiwa na daktari sukari yake imepanda. Amekuja dereva wa bodaboda aliyetaka kuogopwa kijiweni, na hakuficha, alisema hivyohivyo. Wazee wa rika langu walivutwa na sinema za Bruce Lee kwenye mabanda ya video, tukitoka pale tunarushiana mateke hadi nyumbani. Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka tisa akasema, "Mwalimu, nimeshindwa, mnyooshe." Mtoto yule alikuwa mpole kuliko mama yake, alichohitaji ni mtu wa kumsikiliza. Wote hao niliwapokea.

Nia moja tu ndiyo huwa nakaa nayo chini kuizungumza, nayo ni kisasi. Siizungumzi kama mtu aliyeisoma kwenye kitabu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, Ujiji. Kwenye bomba la maji kulikuwa na kijana mkubwa aliyekuwa akimwaga ndoo yangu kila akijisikia, watu wakicheka. Nikajiunga na mazoezi kwa ajili yake. Kila ngumi niliyopiga hewani ilikuwa na uso wake. Mwezi wa tatu, kabla hata ya kupata mkanda wa njano, nikampiga palepale bombani. Ndiyo, nilimpiga, akaanguka, damu ikamtoka puani, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Raha ile ilidumu siku mbili. Siku ya tatu nikaambiwa kaka zake wananitafuta. Walikuwa watatu. Kwa karibu miaka miwili nilizunguka njia ya nyuma kwenda shule, nikachota maji usiku, na baba yangu alilipa gharama za matibabu ya yule kijana kwa kuuza mbuzi. Niliingia mazoezini nikiwa na mtu mmoja wa kumwogopa, nikajitengenezea wanne.

Kwa kesi yako kuna mambo mawili mengine, na haya ni mazito zaidi.

La kwanza ni sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea wewe, kumtetea mwenzako na kutetea mali yako, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika kujitetea. Haki hiyo inaishi wakati uleule wa shambulio. Akishakuachia akakimbia, imekwisha. Ukimkuta wiki ijayo anakunywa chai ukampiga akaumia, mbele ya hakimu wewe ndiye mshambuliaji, na kosa la kushambulia na kudhuru mwili, kifungu cha 241, linaweza kumfikisha mtu miaka 5 jela. Yeye atakwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyeumizwa, na wewe utatafuta wa kukudhamini.

La pili linanitisha zaidi. Unasema unamjua kwa sura. Mwanangu, usije ukamnyooshea kidole mchana kijiweni ukatamka neno "mwizi." Unajua mtaani neno hilo linafanya nini. Kabla hujamaliza kueleza kuna mawe, kuna tairi. Na kama umemfananisha? Alfajiri ile kulikuwa na giza, na macho ya mtu aliyeshtuka huona kisu vizuri kuliko uso. Nenda kituoni utoe maelezo, taja siku, saa, mahali, maneno aliyosema, namba ya simu iliyoibwa, na ueleze ulikomwona. Nenda na mumeo au shangazi. Najua wengi wanaona ni kupoteza muda, lakini taarifa yako inaweza kuwa ya tatu kumhusu mtu huyohuyo.

Nikiweka kisasi pembeni, barua yako inabaki na nini? Naona mtu anayetaka miguu yake imtii na sauti yake itoke. Hilo linafundishika. Na tukishalijua, tunajua pia uanze na nini, kwa sababu nia ndiyo inayopanga mazoezi. Anayetaka medali nitampeleka kwenye pambano la pointi. Mwenye sukari nitampa jasho na pumzi. Wewe usikubali miezi sita ya kupiga ngumi hewani kwenye mstari huku hakuna hata siku moja uliyokamatwa mkono na mwenzako. Muulize mwalimu wako, kwa adabu, kama kuna siku ya mazoezi ya kujihami ya wawili wawili. Kama hakuna, mwombe dakika kumi mwisho wa kipindi.

Jaribu hili leo nyumbani, na wa kujaribu naye ni huyohuyo mumeo anayeuliza. Mwambie akukamate kifundo cha mkono kwa nguvu, kama alivyokukamata yule. Usifanye kitu kwanza, tazama. Vidole vinne viko upande mmoja, gumba upande wa pili. Pale ncha ya gumba inapokutana na vidole pana mwanya, na huo ndio mlango pekee wa mshiko ule. Wengi huvuta mkono kurudi nyuma kama wanavyovuta kamba ya mtumbwi, na mwenye nguvu hushinda mchezo huo kila mara. Wewe geuza mkono hadi upande mwembamba wa kifundo uelekee kwenye mwanya, kunja kiwiko, kisukume mbele kumwelekea yeye, kisha mkono upenye kwenye mlango ule huku mguu ukitoka pembeni. Na sauti itoke pamoja na mkono. "Niache!" Kutoka tumboni, chini, si kooni. Mara ya kwanza utaona haya na sauti itatoka nyembamba. Rudieni mara ishirini. Kisha mwambie akukamate bila kukutaarifu, ukiwa unaosha vyombo. Hapo utakutana na ule mti tena, mdogo, jikoni kwako, na utauona ukilegea siku baada ya siku.

Sauti nimeitaja kwa makusudi. Kwenye karate tunaiita kiai, na wanafunzi wa kike wengi wanaona ngumi rahisi kuliko kiai. Tumewalea mabinti wasipaze sauti. Nimekuwa na mwanafunzi aliyechukua wiki sita kabla kiai chake hakijasikika nje ya ukumbi, na siku kilipotoka alikaa chini akalia, na sisi tukasubiri. Pumzi ndiyo siri yake. Sisi wa Goju-ryu tuna kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, inayoitwa Sanchin, polepole sana, inayomfundisha mtu kupumua huku misuli imekaza. Aliyeganda ameacha kupumua. Akitoa pumzi, hata kama ni kwa kelele, mwili unaanza kurudi.

Lakini nisikudanganye kwa upande mwingine. Miezi mitatu, mara tatu kwa wiki, itakupa kusimama vizuri, kuanguka bila kuvunjika, kujinasua mkono, na sauti. Haitakupa uwezo wa kupambana na mwanaume mwenye panga, na hata mimi na mkanda wangu mweusi nikimwona mwenye panga natupa pochi upande mmoja na kukimbia upande mwingine. Mtaji utarudi. Kwa hiyo gawa hela: kidogo kwenye pochi, kubwa kwenye pindo la kanga ndani ya nguo. Na tafuta wenzako wawili wa Mwanga wanaoteremka Kibirizi saa hiyohiyo, mpitiane majumbani. Sijawahi kufundisha mbinu inayoshinda wanawake watatu wanaotembea pamoja wakiongea kwa sauti.

Kuna jambo hukuniuliza, ila naliandika kwa ajili ya wengine watakaosoma. Mara nyingi anayemdhuru mwanamke ni mtu anayemfahamu, na wapo wanaokuja kujifunza karate kwa sababu ya yanayotokea ndani ya nyumba zao. Kwa hao ngumi haitoshi na inaweza kuongeza hatari. Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa ndugu unayemwamini mwenye chumba cha ziada. Mazoezi yaendelee, lakini mlango wa kutokea uwe umeshajulikana.

Umri? Miaka 31 si kitu. Mwanafunzi wangu mwenye umri mkubwa kuliko wote alianza ana miaka 56. Mwanamke anayeinua beseni la dagaa akalitua kichwani bila kushikwa ana kiuno na miguu ambayo vijana wangu wa sekondari wanaitafuta. Goti likiuma, sema. Wiki mbili za kwanza mapaja yatakuuma kwenye ngazi, ni kawaida. Kama unavaa hijabu, vaa; siku hizi hata mashindano ya kimataifa ya karate yanairuhusu. Na kama kuinama kunakupa wasiwasi wa dini, mweleze mwalimu mapema. Kule ni kusalimiana tu, na wapo walimu wengi wanaokubali mwanafunzi atikise kichwa.

Mumeo, nadhani, anauliza kwa hofu. Alikuwa amelala ulipoporwa, na mwanaume hilo humkaa rohoni asiweze kulisema. Ukimjibu kwa ukali mtagombana kuhusu karate wakati mnachokiogopa ni kimoja. Mwite aje akae kwenye benchi siku moja atazame. Aone mnavyokanyaga sakafuni, mnavyovuja jasho, mnavyosaidiana kuinuka. Nimeona waume watatu waliokuja hivyo kutazama, na mmoja sasa ana mkanda wa kijani.

Mwalimu wako mrudie, ufike nusu saa kabla ya wenzako. Mwambie, "Mwalimu, siku ile sikukujibu kweli. Niliporwa, nikaganda, na nina hasira na mtu." Usipambe maneno. Mwalimu anayejua kazi yake hatashangaa, atakupangia mwenzi mtulivu wa kufanya naye mazoezi, na atajua asikushtue kwa nyuma wiki ya kwanza. Akicheka, au akikuahidi kwamba atakufundisha kumvunja mtu mkono ndani ya mwezi mmoja, tafuta klabu nyingine. Hasira yako itakuja nawe ukumbini mara nyingi tu, iache ije, ipige teke mto wa mazoezi. Siku utakapogundua umemaliza kipindi kizima bila kumkumbuka yule kijana, huna haja ya kumwambia yeyote.

Kuhusu ratiba, biashara yako imeshakupangia. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi haitoki na Kibirizi inapoa. Siku hizo nenda kila jioni. Giza likirudi na dagaa wakiwa wengi, mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, na zile pumzi za Sanchin ufanye nyumbani kabla ya kutoka. Gi, yaani sare ya karate, usinunue sasa. Vaa suruali ya mazoezi na fulana yenye mikono mipana, miezi miwili, mpaka mtaji ukae sawa.